Chuo Kikuu Kishuke Nduruma

Mhadhara kwa wananchi wa kata ya Nduruma, wilaya ya Arumeru

  

Nimeombwa nizungumze juu ya elimu ya chuo kikuu kwa watu wa umri wangu. Nitaanza na maji, kwa kuwa hapa Nduruma anayetaka kusikilizwa huanza na maji.

Mto wetu unashuka kutoka Meru, unapita kwenye migomba na kahawa ya wenzetu wa juu, unafika kwetu kwenye mahindi, maharage na mashamba makubwa ya maua, na kinachobaki kinaelekea Kikuletwa, kisha bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto Pangani. Njia nzima maji hayo yanagawiwa. Nani afungue mfereji usiku wa Jumatatu, nani aufunge alfajiri, nani atozwe faini kwa kuiba zamu ya mwenzake, nani apunguziwe saa kiangazi kikikaza: yote hayo yana kanuni, na kwa miaka mingi kanuni hizo zimekaa vichwani mwa wazee. Mwaka 2012 jarida la kisayansi la Afrika Kusini, Water SA, lilichapisha utafiti wa Hans Komakech na wenzake juu ya mto huu huu. Walichunguza jinsi sheria za nchi na kanuni za wenyeji zinavyogawa maji kati ya mkulima mdogo na shamba kubwa. Ni kazi nzuri na naiheshimu. Lakini kazi ya namna hiyo haifanyiki bila mtafiti kukaa chini na wenye mifereji, kuwauliza, kuwasikiliza na kuandika. Siku hizo wazee walikuwa walimu na msomi alikuwa mwanafunzi. Kisha daftari likafungwa, likaenda zake, likawa makala ya Kiingereza. Mimi bado sijakutana na mzee wa mfereji hata mmoja aliyeisoma.

Maji hushuka kutoka juu kuja kwetu. Elimu tunaiona ikipanda tu: inachotwa hapa, inapelekwa vyuoni, na hairudi. Nilichokuja kuwaambia leo ni kwamba irudi, na kwamba wenye haki ya kuipokea kwanza ni hao waliotoa.

Nchi hii ilikwisha kulifikiri jambo hili mapema kuliko wengi. Mwaka 1964, Mwalimu Nyerere alipoupeleka bungeni Mpango wa kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, alieleza kwamba ni lazima tuanze na elimu ya watu wazima, kwa sababu mtoto anayeingia darasani leo itachukua miaka mingi kabla kazi yake haijaonekana kwenye uchumi, ilhali mtu mzima akijifunza leo, kesho yake shambani mambo hubadilika. Mkesha wa mwaka mpya wa 1970 akautangaza mwaka huo kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati huo karibu theluthi mbili ya watu wazima wa nchi hii hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1986, upimaji wa kitaifa ulipofanyika, wasiojua walikuwa chini ya mmoja katika kila kumi.

Wengi wenu mnalikumbuka neno ngumbaru, walivyoitwa watu wazima waliojifunza kusoma. Lina ukali kidogo masikioni, lakini ndilo tulilokuwa nalo. Mwaka 1973 nilikuwa darasa la saba, msichana wa miaka 16, nikapangiwa kusaidia darasa la ngumbaru chini ya mti, saa kumi jioni, watu wakitoka shambani na majembe yao. Mwaka huo ndipo ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya. Vijana hamkuiona, kwa hiyo nitaieleza. Kikundi kilikaa kuizunguka redio. Kipindi kikaisha, redio ikazimwa, mwenye kujua kusoma akasoma sura ya kijitabu kwa sauti, kisha watu wakajadiliana na kuamua la kufanya kabla ya juma lijalo: choo, maji ya kuchemsha, nyasi za kufyeka kuzunguka nyumba. Majuma 12 mfululizo, na nchi nzima watu wapatao milioni 2 walishiriki. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma kijitabu kwenye kikundi chetu.

Jioni moja tulisoma habari ya kuchimba choo mbali na kisima. Mzee mmoja, asiyejua hata herufi a, akauliza: na mfereji je? Kisima kimesimama, mfereji unatembea. Uchafu ukiingia hapa, anayeunywa ni mtu wa chini huko ambaye hata hatumjui. Je, umbali wa shimo na mfereji uhesabiwe kwa hatua zetu au kwa mteremko wa ardhi? Niliangalia kijitabu, sikuona jibu. Nilikaa kimya, na yule mzee akadhani nimemdharau. Zaidi ya miaka 30 baadaye, nikisoma moduli ya mazingira usiku nyumbani kwangu, nililikuta swali lake kwenye ukurasa, limevikwa maneno makubwa, likiitwa mwendo wa vichafuzi ardhini. Mzee alikwisha kufariki. Alikuwa na akili ya chuo kikuu, na chuo kikuu hakikuwahi kufika alipokuwa.

Naomba tulitafakari hilo kabla hatujasonga. Tulimpa mzee yule herufi, na ilikuwa sawa kabisa kumpa herufi. Kosa letu ni kudhani kwamba herufi ndizo zilizokuwa kiu yake yote. Elimu ya watu wazima tuliijenga ikaishia kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, kana kwamba mtu wa miaka 60 akishaandika jina lake hana swali jingine. Na hata msingi huo tuliuacha ukaliwa na mchwa: sensa ya 2012 ilionyesha wanaojua kusoma na kuandika ni kama asilimia 78, na ile ya 2022 ikaonyesha 83. Tumerudi nyuma kutoka pale tulipokuwa mwaka 1986, na sasa tunapanda upya mlima tuliokwisha kuupanda.

Upande wa vyuo vikuu nako historia yetu si haba. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima yenyewe ilianza mwaka 1960 kama tawi la masomo ya nje la Makerere pale Dar es Salaam, ikalelewa ndani ya chuo kikuu, na ndipo mwaka 1975 ikapewa sheria yake ikasimama peke yake. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Novemba 1974, lilipitishwa Azimio la Musoma. Wengi tunalikumbuka kwa sababu ya elimu ya msingi kwa wote, lakini lilikuwa na kipengele kingine: mwanafunzi asitoke kidato cha sita akaenda moja kwa moja chuo kikuu. Aende kwanza jeshini, kisha afanye kazi si chini ya miaka miwili, wenzake kazini wamwone, ndipo aombe nafasi. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro. Uliwaumiza wasichana, wengi wao wakaishia kwenye ndoa na malezi kabla zamu yao haijafika, na baada ya muda mfupi wakaondolewa kwenye sharti hilo. Baadaye ukaachwa kabisa. Hata hivyo, kulikuwa na wazo moja ndani yake ambalo nalililia mpaka leo: kwamba mtu aliyefanya kazi anakuja darasani na kitu mkononi. Kwa wazo hilo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwapokea watu wa umri mkubwa kwa mtihani maalumu, na madarasani wakakaa makarani, walimu na wauguzi pamoja na vijana.

Mlango mpana zaidi ulifunguliwa na sheria namba 17 ya mwaka 1992, iliyoanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania baada ya kamati iliyoongozwa na Nicholas Kuhanga kulifanyia kazi suala hilo. Makamu Mkuu wa kwanza alikuwa Profesa Geoffrey Mmari, na wanafunzi wa kwanza walianza mwaka 1994. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu bila kuacha shamba, ndoa wala kazi. Chuo kikaweka vituo mikoani, cha Arusha kikiwemo. Rais wetu, Samia Suluhu Hassan, alianza kazi ya ukarani baada ya kidato cha nne, akajiendeleza hatua kwa hatua, na shahada yake ya uzamili katika maendeleo ya uchumi wa jamii aliipata kwa mpango wa pamoja wa chuo hicho na chuo kimoja cha Marekani, akiwa tayari waziri na mama wa watoto wakubwa.

Mimi nami nilipitia mlango huo. Nilikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, mmoja wa wale tuliochukuliwa na elimu ya darasa la saba tukafundishwa ualimu huku tukifundisha. Kujiendeleza kwangu kulikuwa kwa ngazi ndefu: mtihani wa maarifa, kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, kidato cha sita vivyo hivyo, stashahada, na hatimaye shahada nikiwa na miaka 55. Nilisoma kwa taa ya chemli miaka ambayo umeme ulikuwa haujafika kwetu. Nilibeba moduli sokoni ndani ya kikapu cha nyanya. Katika chumba cha mtihani mjini, kushoto kwangu alikaa askari, kulia muuguzi wa zamu ya usiku aliyekuwa akisinzia na kuamka, mbele mchungaji. Hakuna mkusanyiko wa watu nilioupenda kama ule. Tulipotoka nje tulijadili maswali kwa mifano ya maisha yetu, askari akaeleza sheria kwa kesi aliyoiona kwa macho yake, muuguzi akaeleza takwimu kwa vifo vya wodini kwake.

Lakini siku nilipokwenda kuulizia nafasi kwa mara ya kwanza, katika ofisi moja ya elimu ambayo sitaitaja, kijana wa mapokezi aliniamkia vizuri, akanikaribisha kiti, kisha akaniambia, "Mama, mwambie mwanao aje mwenyewe, fomu haijazwi na mzazi." Hakuwa na ubaya wowote. Hakuweza tu kufikiri kwamba mwombaji ni mimi. Nilitoka nikarudi nyumbani, na ilinichukua mwaka mzima kupata moyo wa kurudi. Naomba wahadhiri mlioko hapa mlichukue hilo. Vyuo vina mabango ya wasichana na wavulana wenye nyuso laini, wameshika vitabu, wanacheka. Mzee akipita mbele ya bango hilo anasomeshwa kitu kabla hajafika mlangoni.

Kuna methali inayotupiga wazee kila tukitaja shule: samaki mkunje angali mbichi. Ni methali ya kweli kwa malezi. Tabia ya mtoto hukunjwa mapema. Lakini tumeichukua tukaipeleka mahali pasipo pake, tukafanya akili ya mtu iwe samaki mkavu. Wahenga hao hao walisema ng'ombe hazeeki maini. Nilichokiona mwenyewe kwenye masomo ni hiki: kukariri kulinishinda. Tarehe na majina yaliniponyoka, nilichosoma Jumatatu nilikisoma tena Jumatano kama kipya. Kuelewa, hata hivyo, kulikuja kwa urahisi kuliko kwa vijana, kwa sababu kila nadharia ilipotajwa nilikuwa na mtu, shamba au msiba wa kuiweka juu yake. Mtihani unaomtaka mtu arudishe maneno ya kitabu neno kwa neno utamshinda mzee. Ule unaomtaka apime jambo, mzee atautendea haki.

Niseme sasa kuhusu fedha, bila kuficha. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kwa miongozo yake ya miaka hii, haimkopeshi mwombaji aliyezidi miaka 35. Naelewa sababu: mkopo hurudishwa kwa mshahara, na vijana ni wengi. Lakini maana yake ni kwamba mzee anasoma kwa jasho lake au kwa kiinua mgongo. Wazee wenzangu wamenijia nyumbani kuniuliza, "Mwalimu, nitoe kiinua mgongo nisome?" Nawajibu hapana. Simshauri mzee yeyote auze ng'ombe wake au amalize mafao yake kwa ajili ya shahada, isipokuwa awe na kazi mahsusi anayoitakia. Shahada ni cheti cha kwenda kwenye soko la ajira, na sisi soko hilo tumekwisha kulipa kisogo. Nawapenda wazee wanaovaa joho, nami nililivaa na nililia siku ile. Hata hivyo, wazee walio wengi hapa wanahitaji kingine. Wanahitaji kujua. Kwa wengi wetu, chuo kikuu kitufae bila joho.

Kujua nini? Nitatoa mfano mmoja na nitakaa nao, kwa sababu uko midomoni mwetu. Angalieni meno yetu. Rangi hii ya kahawia tulizaliwa tukiikuta, tukaambiwa ni magadi, ni maji ya mlima, ni alama ya mtu wa Meru. Ni floraidi. Mlima Meru ni volkano, miamba yake ina madini hayo, maji yanayopita humo huyayeyusha na kushuka nayo. Kidogo chake huimarisha meno. Kikizidi, meno ya mtoto anayekua huharibika rangi, na kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa hukakamaa na kupinda, mgongo ukagoma kunyooka, magoti yakafungana. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Nchi yetu kwa miaka mingi ilivumilia zaidi ya hapo, kwa kuwa maeneo kama ya kwetu hayakuwa na maji mengine, kabla ya kushusha kiwango kikawa hicho cha 1.5. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachochuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Pale Tengeru, katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, mhadhiri Askwar Hilonga alibuni chujio la maji lililompa mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi, ya kwanza kutolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza.

Sasa fikirini. Koko, yaani bibi, yupo nyumbani, mgongo umepinda, anajua chemchemi ipi hutia meno rangi upesi na ipi haifanyi hivyo, kwa sababu amelea watoto na wajukuu akayaona. Msomi yupo Tengeru, ana mashine ya kupima. Kati yao ni mwendo wa daladala moja na bodaboda moja. Koko hajui neno floraidi, msomi hajui chemchemi za koko. Wakikaa pamoja jioni sita, kwa Kiswahili, wote wawili watainuka na kitu. Hiyo ndiyo elimu ya chuo kikuu kwa wazee ninayoitaka, na haihitaji mkopo wa mtu.

Nimetaja Kiswahili. Hapa ndipo kuna ukuta mkubwa kuliko fedha. Masomo mengi ya vyuo vyetu ni kwa Kiingereza. Mimi nilikipata Kiingereza kwa taabu, ukubwani, kwa kamusi, na kuna siku nilikesha kwenye aya moja. Mzee mwenye elimu ya darasa la nne la mkoloni au ya ngumbaru hataweza, na si haki kumtaka aweze. Na msiniambie kwamba Kiswahili hakibebi elimu ya juu. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imekuwa ikifundisha kwa Kiswahili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, isimu na fasihi, mpaka shahada za juu. Mhadhiri wa maji au wa sheria asiyeweza kumweleza mzee wa Nduruma fani yake kwa Kiswahili, naye ana la kujifunza jioni hiyo.

Tazameni tulivyozungukwa. Tengeru kuna taasisi hiyo ya Nelson Mandela, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011 na inayofundisha shahada za uzamili na uzamivu peke yake. Hapo hapo Tengeru kuna Taasisi ya Maendeleo ya Jamii, kuna watafiti wa mboga na matunda, kuna chuo cha mifugo. Usa River kuna Chuo Kikuu cha Arusha, na jirani yake Makumira wanafundisha sheria na muziki na teolojia. Njiro kuna Chuo cha Uhasibu. Ni vijiji vichache sana vya Tanzania vilivyo karibu na elimu ya juu kiasi hiki. Mama anayedhulumiwa shamba na shemeji zake baada ya mume kufa, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamtambua kuwa ana haki sawa na mwanamume, yuko mwendo mfupi kutoka kwa mwalimu wa sheria. Mstaafu anayesikia kikokotoo kikitajwa redioni na kushindwa kujua mafao yake yamehesabiwaje, yuko mwendo mfupi kutoka kwa mwalimu wa hesabu za fedha.

Na jina lenyewe la taasisi ile ya Tengeru litufundishe. Nelson Mandela alianza kusomea shahada ya sheria mwaka 1943 katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, akashindwa mitihani, akaingia kwenye harakati, akafungwa. Aliendelea kusoma gerezani kwa njia ya posta. Shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini alitunukiwa mwaka 1989, angali kifungoni, akiwa na miaka 70. Miaka 46 tangu alipoanza. Chuo kilichobeba jina la mwanafunzi kama huyo kina deni la heshima kwa kila mzee anayepita akiliangalia geti lake.

Wenzetu duniani wamefanya nini? Nitapita haraka. Toulouse, Ufaransa, mwaka 1973, Profesa Pierre Vellas alifungua milango ya chuo chake kwa wastaafu wa mji, wakaja kusikiliza mihadhara, na jambo likaenea likiitwa chuo kikuu cha umri wa tatu. Waingereza walipolichukua mwanzoni mwa miaka ya 1980 walilibadilisha: wastaafu wakawa wanafundishana wenyewe, bila mitihani wala vyeti, aliyekuwa daktari akifundisha afya na aliyekuwa fundi akifundisha ufundi. China walianza mwaka 1983 katika mji wa Jinan, na leo vyuo vya wazee vimeenea nchi nzima. Dublin, Ireland, chuo kikuu kimoja kilitoa mwaka 2012 kanuni kumi za chuo rafiki kwa wazee, na vyuo vya nchi nyingine vikajiunga. Kati ya hayo yote, ule mtindo wa Waingereza ndio unaotufaa, na sababu ni kwamba sisi tunao tayari. Baraza letu chini ya mti, kila mtu akisema anachokijua, ndio huo. Linakosa jambo moja tu: msomi aje akae kwenye gogo pamoja nasi.

Hapa jirani, Kenya, wote mnamkumbuka Mzee Kimani Maruge. Januari 2004, akiwa na miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret, baada ya serikali ya Kenya kufuta karo ya shule za msingi. Alitaka aisome Biblia mwenyewe. Alivaa sare ya shule, kaptula na soksi ndefu, akakaa na watoto wa miaka sita. Mwaka 2005 alikwenda New York, Umoja wa Mataifa, kuwasemea watoto wasiopata shule. Alifariki mwaka 2009, na filamu ikatengenezwa juu yake. Dunia ilimpigia makofi, nami nilimpigia. Lakini kila nikiiona picha yake naumia. Mzee wa miaka 84, aliyepigania uhuru wa nchi yake, ililazimu avae kaptula ya mtoto ili afundishwe, kwa sababu hapakuwa na kiti kingine alichoandaliwa. Nisingependa mzee wa Nduruma apigiwe makofi ya namna hiyo.

Kwa hiyo nina ombi, na nalielekeza kwa pande tatu.

Kwa vyuo: tupeni jioni sita kwa muhula. Mhadhiri mmoja, somo moja, Kiswahili, hapa kwenye kata. Tuanze na maji, tuendelee na ardhi na mirathi, kisha sukari na shinikizo la damu, kisha mafao na utapeli wa simu unaowamaliza wazee fedha zao. Hatuombi posho wala vyeti. Na kila mtafiti anayekuja kutuhoji, chuo kimtake arudi kutusomea alichokiandika, kwa lugha yetu, kabla hajapewa shahada yake. Makala ile ya 2012 juu ya mto wetu iwe ya kwanza kusomwa hapa.

Kwa halmashauri: ukumbi upo, viti vipo, taa zipo. Jioni unakaa mtupu. Utoeni bure kwa kazi hii, na afisa elimu ya watu wazima wa wilaya asiishie kwenye takwimu za wasiojua kusoma, aandike pia wanaojua na wanaotaka kuendelea.

Kwenu wazee wenzangu: msiseme muda umepita. Anayetaka cheti, Chuo Kikuu Huria kipo, kituo chake kiko mjini Arusha, na asiye na vyeti vya zamani aulize habari ya utaratibu wa kutambua elimu aliyoipata nje ya darasa. Nitakwenda naye mwenyewe mpaka kwenye dirisha la mapokezi, ili asiulizwe mwanao yuko wapi. Anayetaka kujua tu, aje hapa jioni. Wanaoona vibaya tutawasomea. Wasioweza kutembea, vijana mlioko hapo nyuma mna pikipiki, mtawaleta.

Nimefungua daftari la majina na liko mezani kwa Mtendaji wa Kata. Lina mistari 40 kwenye ukurasa wa kwanza. Nimeandika jina langu kwenye mstari wa pili, na ule wa kwanza nimeuacha kwa mkubwa kuliko wote humu ndani. Mama mzazi wa Diwani, nakuomba usogee.